Waliomwosha Mdomo Abti Yusuf

Kwa binti yangu Nasra,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naanza na salamu ndefu kama vile umeshaondoka mwezi mzima, ingawa viatu vyako vya kazi viko hapo mlangoni na wewe mwenyewe umeenda tu kwa shangazi yako kuaga. Barua hii utaikuta ndani ya begi, chini ya nguo, siku utakayofika. Salamu zitakuwa zimeiva njiani.

Aabo wako anakusalimu, salamu za baba. Amekaa nje na redio sikioni, anajifanya anasikiliza bei ya mbuzi, na redio hiyo iliisha betri tangu alasiri. Ayeeyo anakusalimu, bibi yako amesema niandike kwamba meno yake mawili yaliyobaki yote yanakuombea. Mdogo wako Zakaria anakusalimu, anasema, "Mwambie sista asilenge ile story ya simu." Nimemwambia hiyo si salamu, hiyo ni oda ya simu mpya, lakini nimeiandika. Sumaya wetu mdogo anakusalimu. Anadhani unaenda zamu ya usiku kama siku zote, ameshakuagiza biskuti. Jirani yetu, mwalimu Mama Mwende, anakusalimu kwa jina la Yesu, na mimi nimepokea kwa niaba yako, salamu haikataliwi. Kaka yangu, Abti Yusuf, amepiga simu kutoka Takaba, anakusalimu sana sana. Halafu akaniuliza, "Ameshapewa radhi?" Nikamwambia mtandao mbaya, nikakata.

Hapo ndipo pananichoma, Nasra. Juzi uliketi na mimi jikoni ukasema, "Hooyo, siwezi kuvuka mpaka bila radhi yako. Niambie tu kwa mdomo wako, nenda, nimeridhika." Mimi nikakuambia, ngoja, maziwa yanafurika. Hakukuwa na maziwa jikoni, wewe uliona na mimi niliona. Tangu hapo hujaniuliza tena. Unazunguka nyumba hii kama mtu anayetafuta ufunguo, na mimi ndiye niliyeukalia.

Kesho gari linakuja, na huko Somalia unakoenda vita havijaisha. Sitakuandikia habari za kula na kulala na kuchemsha maji, wewe ni nesi, unanishinda. Nataka tu ujue kwa nini nilinyamaza. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika kwenye darasa la watu wazima, na mpaka leo nikiandika "p" lazima nisimame nifikirie, maana mdomoni kwangu inatoka "b". Kisomali changu ni cha mdomo. Na mdomo wangu, mwanangu, siuamini.

Sehemu ya mambo haya unaijua. Ulikuwa mdogo, tulikuacha kwa Mama Mwende. Lori la ngamia la Abti Yusuf lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani, huko juu kabla ya kufika Rhamu. Aliletwa hapa Garissa kwa ndege, akawekwa chumba cha wagonjwa mahututi. Mimi na Ayeeyo tulipoingizwa kumwona, nilitafuta kaka yangu kitandani nikakuta mdomo. Sijui nisemeje vizuri zaidi. Macho yamefungwa, kichwa kimefungwa bendeji, kilichobaki ni mdomo uko wazi na paipu imeingia ndani mpaka kooni, imebanwa na plasta shavuni. Kifua kinapanda kwa amri ya mashine. Mashine inavuta, inatulia kidogo kama mtu anayesikiliza mlangoni, halafu inavuta tena. Nikajikuta napumua nayo. Nilipotoka nje kununua maji bado nilikuwa napumua nayo, pale kwenye jua, katikati ya watu.

Wewe unajua tulivyolelewa. Mtoto akipiga miayo anafunikwa mdomo, kuna vitu havionekani na vinapenda mlango ulio wazi. Sasa mdomo wa Yusuf ulikuwa wazi mchana na usiku, na hakuna wa kuufunika.

Nesi wa zamu alikuwa kijana wa bara, Kilonzo, ndio kwanza amehamishiwa hapa. Akaingia na sahani ya chuma. Akamgeuza Yusuf kichwa upande wa kulia, polepole. Akachovya shashi kwenye maji, akampitishia midomoni. Kule upande wa kulia, Nasra, ndiko kaskazini. Ni kibla. Mimi na mama yangu tuliona kitu kimoja tu, maana kwetu mtu hafanyiwi hivyo mara mbili. Anageuzwa kibla, analowanishwa midomo, watu wananyamaza, basi.

Ayeeyo alipiga ukelele. "Wewe! Wacha hiyo kitu! Mtoto yangu hajakufa!"

"Mama, namsafisha mdomo tu."

"Kusafisha gani ya kibla?"

Kilonzo akatazama ukuta, akatutazama sisi, akatazama ukuta tena. "Mimi nimemgeuza upande ambao mate yatatoka," akasema.

Hatukumsikia. Ayeeyo alishaanza Yasini. Mimi nilitoka nje nikampigia Shukri, mke wa Yusuf, kule Takaba. Nikamwambia, "Shukri, wamemgeuza kibla. Wamemlowanisha midomo. Jiandaeni." Sikusema uongo, nilisema nilichoona, na nilimaanisha vile alivyoelewa. Halafu mtandao wa kule ukakatika, wale watu wa mabomu walikuwa wamelipua mlingoti wa simu, na neno langu likabaki Takaba peke yake, hakuna neno lingine la kulifuata.

Siku zilizofuata tulikataa mdomo wa Yusuf uguswe. Sindano sawa, mashine sawa, mdomo hapana. Ayeeyo alitandika mkeka mlangoni pale na hakuna askari wa hospitali aliyethubutu kumwambia ondoka. Manesi wakija na ile sahani anawanyooshea bakora. Tulidhani tunamlinda. Tulikaa hivyo, wakitutazama na sisi tukiwatazama, na katikati yetu ule mdomo. Ulimi ukapasuka kama udongo wa lagha, ule mto wa msimu, ukikauka. Ndani ya mashavu pakaota kitu cheupe. Harufu ikatoka, harufu ambayo nilikuwa naijua kutoka mahali pengine, sikutaka kukumbuka ni wapi. Homa ikapanda na mashine ikaanza kulia mlio mwingine.

Kilonzo akanifuata kwenye benchi. Hakunigombeza. Akasema, "Mama, ile paipu ni barabara. Uchafu wote wa mdomo unashuka nayo mpaka kifuani. Kifua kimeshaanza kuoza."

Nikamwambia, "Na wewe ukimlowanisha midomo roho inatoka."

Akakaa kando yangu, akasema, "Basi nifundishe. Ni nini ninachofanya kinachofanana na kifo? Nikikijua nitakiacha."

Hakuna mtu mwenye kazi yake aliyewahi kuniuliza swali kama hilo. Nikamwambia, ni upande, ni maji, na ni kule kunyamaza. Akaenda. Akamgeuza Yusuf upande wa kushoto, uso ukaangalia soko la ngamia, akasema, "Sasa anaangalia biashara." Ayeeyo akacheka, akajikamata, akacheka tena. Halafu Kilonzo akainama karibu na sikio, akasema kwa sauti ya dukani kabisa, "Yusuf, ni mimi Kilonzo. Nakusumbua mdomo kidogo. Naanza na meno ya chini." Akaingiza mswaki mdogo wa mtoto, na mashine ya kufyonza ikifuata nyuma, akawa anamhadithia kila anapopita, hapa kuna jino limevunjika, hapa ulimi una kidonda, pole ndugu yangu, karibu namaliza. Kila zamu yake akawa hivyo. Homa ilishuka kidogo kidogo. Mwishowe paipu ikatolewa, na neno la kwanza la Yusuf lilikuwa kuomba chai.

Nilimsindikiza mwenyewe kurudi Takaba. Tulipoingia mjini nikaona nilichokuwa nakiogopa. Watoto walikimbia. Kule walikuwa wamemswalia bila mwili, wamechinja, wamelia, wamemaliza. Shukri alitoka nyumbani amevaa kitambaa cheupe cha mjane kichwani. Akamwona mume wake anashuka garini, akasimama na mkono kwenye kile kitambaa, hajui akitoe au akiache. Alienda kumuuliza sheikh kama inatakiwa ndoa mpya. Sheikh akasema, "Kwani amefufuka? Amerudi tu. Kampikie." Na mzee mmoja mfugaji alikataa kumpa Yusuf mkono. "Wewe nilikulilia," akasema. "Sasa unataka nifanye nini na yale machozi?" Watu walicheka. Yusuf hakucheka. Hata leo kuna mama pale Takaba akimwona anashusha macho na kusema rahimahullah kwa sauti ya chini, halafu anakumbuka.

Hayo yote yalitoka kwenye simu yangu. Aabo wako husema nimejiadhibu vya kutosha. Labda. Lakini ulimi ambao umeshamzika mtu hai, Nasra, utauambiaje umuage mtoto? Dua ya safari na maneno ya maziko ni ndugu. Nilipofungua mdomo juzi pale jikoni, nilihisi nikisema "nenda" nitakuwa nimempigia mtu simu tena.

Kuna jambo lingine, na hili hujalisikia, kwa sababu Yusuf aliniambia mimi peke yangu. Tulikuwa tumekaa karibu na zizi, asubuhi, jua limeshapanda. Akaniuliza, "Abaayo, dada yangu, nani alikuwa ananiosha mdomo?"

"Kilonzo," nikasema. "Yule kijana wa bara."

"Huyo namjua. Huyo alikuwa anajitaja. Nauliza yule mwingine."

"Mwingine yupi?"

"Yule aliyekuwa anakuja siku ambazo Kilonzo haji."

Nilihisi jua limepoa mgongoni. Nikamuuliza ilikuwa mikono ya mwanamume au ya mwanamke. Akafikiri. Akasema, "Ilikuwa mikono inayojua kazi." Alisema ilianza kulia, ikaenda kushoto, ikarudi kulia, kwa utaratibu, haina haraka. Haikusema neno. Maji yake yalinuka kafuri, ile tunayotia kwenye maji ya mwisho ya maiti. "Nilitaka kumwambia, bado nimo," akasema. "Bado nimo humu. Lakini mdomo ulikuwa umeshikwa."

Siku hizo hakuna aliyegusa mdomo wake. Ayeeyo alikuwa mlangoni. Na kama kuna mtu aliuosha, mbona tuliukuta umeoza? Sheikh alisema ni ndoto za dawa. Wewe pia umewahi kunieleza kwamba mtu aliyelazwa kwa dawa zile huona mambo. Naikubali. Lakini ndizo siku zile zile ambazo Takaba walikuwa wanamswalia kwa neno langu, na mimi kafuri siwezi kuivuta puani mpaka leo. Yusuf analala na kitambaa mdomoni. Akipiga mswaki anaimba nyimbo za ngamia kwa sauti, watu wanadhani ni furaha.

Sasa nikuambie ya mwezi huu. Rafiki yako Fartun aliporudi likizo kutoka huko huko unakoenda, alikuja kukutafuta, hukuwepo. Nilimkaribisha chai. Unamjua Fartun alivyokuwa, akiingia nyumba hii hata mbuzi wanajua. Safari hii aliketi bila kelele. Nikamuuliza kazi ikoje, akasema, "Mama, huko kwanza damu, kwanza pumzi, kwanza umeme usizime. Mdomo ni kitu cha mwisho. Kuna siku shashi hakuna, tunachemsha vipande vya shuka na chumvi. Kuna siku mikono hii inaosha aliye hai na aliyekufa, mmoja kwa mmoja, na sikumbuki nani alikuwa nani." Nikamwambia pole. Sumaya alikuwa anakunywa uji hapo kando. Fartun akanyoosha mkono, akamshika kidevu, akaanza kumfuta mdomo kwa kidole kilichozungushiwa leso. Alianzia kulia. Hakusema neno, na macho yake yalikuwa ukutani. Alifuta mpaka ndani ya shavu, polepole, kwa utaratibu. Sumaya aliacha kumeza. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikasema, "Fartun!"

Akashtuka, akacheka kidogo. "Samahani mama. Mkono umezoea."

Msichana mzuri, na kazi yake ni nzuri, na simlaumu hata kidogo. Lakini usiweke risasi peke yake kwenye hesabu ya hofu zangu, mwanangu. Risasi naiogopa kama mama yeyote. Ninachoogopa zaidi ni kwamba mtu mmoja kitandani huko, mwenye paipu kooni, atakapoamka siku moja atamuuliza dada yake, nani alikuwa yule mwingine, na yule mwingine awe ni wewe.

Nilipochukia wewe kuchagua unesi, nilikuambia ni kazi ya kushika uchafu wa watu wasiokujua. Nilikosea. Niliisema ile kwa aibu, kwa sababu kila nikikuona na sare yako nilikuwa namwona Kilonzo na ile bakora ya Ayeeyo. Yule kijana hakuwa na chochote cha ajabu. Alikuwa na mswaki wa mtoto na jina lake, na alikubali kuulizia desturi ya watu waliomtukana. Najua huko utachoka mpaka sauti ikauke. Basi hata ukiwa na maneno mawili tu yaliyobaki siku hiyo, mpe mgonjwa, kabla hujamgusa. Mwambie wewe ni nani. Hawezi kuuliza.

Na ndugu watakaokaa mlangoni huko ni watu kama sisi. Mama atakuja na bakora. Dada atakuwa na simu mkononi, ameshaanza kubonyeza namba. Ukigeuza kichwa cha mtu wao na kuchovya shashi, geuka kwanza uwaambie unachofanya, kwa Kisomali, taratibu, hata wakikutukana. Wakikuuliza ni upande gani, waambie ni upande wa soko. Utaniokoa mimi mwingine ambaye simjui.

Sasa nimefika kwenye lile neno, utasamehe herufi. Nasra, nimeridhika nawe. Nimekupa radhi ya tumbo lililokubeba na maziwa uliyonyonya. Mikono yako nimeiridhia, na ulimi wako, na huko unakoenda, na kurudi kwako. Nenda. Nimeliandika, halikutoka kwa simu. Kesho pale garini huenda nikasimama kama nguzo, watu waseme mama gani huyu. Wewe panda tu. Neno lako utakuwa nalo begini.

Nasikia geti la mabati, umerudi, Zakaria anakudai soda. Naikunja.

Ukifika nitumie sauti kwenye simu haraka, siku hiyo hiyo, usiandike, nitumie sauti. Vita vina watu wengi wa kupiga simu. Mtu akinipigia kusema Nasra ameonekana hivi, Nasra amepatwa na vile, nitamwambia asante, nitakata, na sitamwambia mtu yeyote humu ndani, si Aabo wako wala Ayeeyo, mpaka nikusikie wewe mwenyewe. Hata ukikohoa tu nitajua. Kwa hivyo usinicheleweshe, mwanangu. Nitakuwa nimekaa na simu mapajani, sisemi na mtu.

Ni mimi Hooyo wako,
Garissa